Mirija ya mkojo na upasuaji wa endometriosisi: mambo ya kumuuliza daktari

Hivi karibuni tulizungumza hewani kuhusu maumivu makali ya hedhi, na simu zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Moja ilitoka Bwejuu. Dada mmoja, mkulima wa mwani, alitueleza kwamba kwa miaka aliambiwa ana chango, akanywa dawa za kila aina, hadi alipopimwa mjini na kuambiwa ana endometriosisi iliyozama ndani na huenda akahitaji upasuaji. Daktari alimwambia kuwa kazi kubwa itakuwa kuilinda mirija ya mkojo. Dada yetu akauliza: mirija gani hiyo, na inahusiana nini na hedhi?

Tulimjibu kwa dakika mbili. Hazikutosha, ndiyo maana tumeandika.

Endometriosisi ni hali ambapo tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa kizazi huota mahali pengine mwilini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inampata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Wengi tuliisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtangazaji mwenzetu wa Kenya, Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024. Kwake ilifika hadi kifuani na kuyaathiri mapafu. Kwa wengi zaidi hubaki nyongani, na inapozama ndani ya nyama, zaidi ya milimita 5 hivi, huacha makovu magumu yanayovigandisha viungo pamoja.

Hapo ndipo mirija inapoingia. Kila figo ina mrija wake, madaktari huuita ureta, unaoshusha mkojo hadi kwenye kibofu. Una urefu wa sentimita 25 hadi 30, ni mwembamba kuliko penseli, na unapita pembeni mwa shingo ya kizazi, kama sentimita 2 tu, chini kabisa ya mshipa mkubwa wa damu wa kizazi. Kovu likiuzunguka, huuvuta kutoka mahali pake au kuubana.

Mrija ukibanwa taratibu, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba, na mara nyingi mgonjwa hasikii kitu. Hata kipimo cha damu kinaweza kutoka kizuri, maana figo ya upande wa pili inabeba kazi ya mbili. Wapo wanawake waliopoteza figo wakidhani tatizo lao ni tumbo la mwezi tu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari, kabla hata tarehe ya upasuaji haijapangwa, ni hili: je, figo zangu zimepigwa picha ya ultrasaundi? Kipimo hicho si cha ajabu wala hakiumizi.

Kwenye chumba cha upasuaji, daktari haanzi kukata kwenye kovu. Wakulima wa mwani wataelewa upesi. Kamba ikifukiwa na mchanga huikurupuki katikati. Unaanzia kwenye kijiti, unapoiona vizuri, kisha unaifuata mkono kwa mkono. Daktari naye huutafuta mrija juu, panapo nyama nzima, karibu na pale unapovuka mishipa mikubwa ya damu inayokwenda mguuni. Huufuata kushuka, akiutenganisha na kovu kidogo kidogo. Ukiguswa, mrija hujinyonganyonga kama mnyoo, na ndivyo unavyotofautishwa na mshipa wa damu.

Zipo nyenzo za kumsaidia. Baadhi ya hospitali hupitisha kimrija laini cha plastiki, stenti, ndani ya ureta ili iwe rahisi kuitambua. Nyingine, hasa nje, huingiza rangi inayong'aa chini ya taa maalumu. Hakuna kati ya hizo kinachochukua nafasi ya mkono wenye uzoefu. Mwisho wa kazi kamera nyembamba inaweza kupitishwa kwenye kibofu kuangalia kama mkojo unaruka kutoka pande zote mbili.

Kisu si hatari pekee. Vifaa vya umeme vinavyotumika kuzuia damu vinaweza kuuchoma mrija bila kuonekana, kisha sehemu iliyoungua ikatoboka siku kadhaa baadaye, hata wiki mbili. Wakati huo mgonjwa wetu amesharudi Bwejuu, zaidi ya kilomita 50 kutoka Mnazi Mmoja. Homa, maumivu ya kiuno upande mmoja, tumbo kujaa, mkojo kupungua, au majimaji kutoka ukeni bila kukoma: hizo ni sababu za kurudi hospitali siku hiyo hiyo, si kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu jeraha hili si la endometriosisi peke yake. Mwaka 2014 Thomas Raassen na wenzake walichapisha kumbukumbu za wanawake 5,959 waliotibiwa fistula katika nchi 11 za Afrika na Asia. Kati yao, 805 waliipata kutokana na upasuaji, wengi baada ya kujifungua kwa kisu au kutolewa kizazi. Katika hao 805, ureta ilihusika kwa wanawake 273. Kwa maoni yetu hiyo si sababu ya kuogopa kisu, kwani kisu kimeokoa mama wengi. Ni sababu ya kuuliza nani atashika kisu, ameshafanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, na kama bingwa wa mfumo wa mkojo atakuwa karibu.

Jeraha likionekana pale pale mezani, mara nyingi hurekebishwa hapo hapo. Likichelewa, bado linatibika: mrija unaweza kupandikizwa upya kwenye kibofu. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo, na kwa miaka imekuwa ikituma nauli kwa simu kwa wagonjwa wasiokuwa nayo.

Dada wa Bwejuu alipiga tena baada ya kipindi. Alitaka tumrudie swali moja tu, lile la picha ya figo, ili mumewe aliandike.