Furukombe wa Dunga

Sisi wa pwani twamjua mwewe, mnyang'anyi wa vifaranga. Huko Kisumu, ufuoni Dunga, nilipelekwa kumwona furukombe, ndege wa kichwa cheupe ambaye riziki yake ni samaki wa ziwa la Victoria. Hazami kama mnandi. Humchota samaki aliye karibu na uso wa maji.

Mashuani mlikuwa na mpiga picha, kamera yake ndefu mithili ya mzinga. Nahodha akatwaa ngege aliyekwisha kufa, akamtia kipande cha bua la mafunjo kinywani ili aelee, akapiga mbinja, akamtupa. Furukombe akang'oka mtini, akashuka miguu mbele, akamkwapua. Subhanallah! Kufumba na kufumbua.

Picha ni nzuri, sikatai. Lakini itaandikwa "furukombe akiwinda", nami, msomaji, ni shahidi kuwa hakuwinda, alikaribishwa. Nilipomwambia mwenye kamera, alicheka: wanunuzi wataka mawindo. Nahodha naye akasema bila ngege wake tungeshinda kutwa nzima bure. Nao ndio mkate wake.

Magharibi ikikaribia, kamera zimekwisha fungwa, furukombe yule aliruka peke yake mara mbili, akarudi makucha matupu. Hiyo ndiyo picha niliyoitamani.