Farasi Hupenga kwa Kuinama

Mwekee farasi nyasi kavu kwenye hori iliyopachikwa juu ukutani, kisha simama pembeni umtazame. Mara nyingi atavuta fungu kwa meno, aliangushe sakafuni, ndipo ainame kulila. Saisi hukasirika, maana kwake huo ni uchafu na upotevu. Ataziokota, azirudishe juu, na farasi ataziangusha tena. Katika mvutano huo mimi nasimama upande wa farasi.

Farasi hawezi kupumua kwa mdomo. Kaakaa lake laini ni refu, limeutenga mdomo na njia ya hewa, hivyo kila pumzi yake, awe amesinzia au anatimua mbio, hupitia puani. Kutoka hapo hewa hushuka kwenye koo la pumzi lenye urefu wa sentimita 70 hadi 80 kabla ya kufika kwenye mapafu. Vumbi likishaingia huko ndani, litatokaje?

Koo hilo limepakwa ute unaonasa vumbi na vijidudu. Chini ya ute kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo usiku na mchana huusukuma utoke kifuani kuelekea kichwani. Farasi akiinama, njia yote huwa mteremko, na uzito wa ute wenyewe huisaidia kazi hiyo. Ndiyo maana farasi anayekula chini huonekana akichuruzika makamasi mepesi na kupiga chafya: anajisafisha. Akiinua kichwa, vinyweleo vilevile hulazimika kupandisha mzigo mlimani. Malishoni, mnyama huyu hutumia zaidi ya nusu ya siku pua ikiwa kwenye majani, kwa hiyo mwili wake haukuwahi kuhitaji njia nyingine ya kupenga.

Watafiti wa Australia waliwahi kuwafunga farasi wazima wa afya vichwa vikiwa juu, kama wanavyofungwa kwenye lori la safari ndefu. Ndani ya saa 24 tu, bakteria walikuwa wameongezeka sana katika makoo yao. Hao ni bakteria ambao kwa kawaida huishi kinywani na kooni bila kudhuru. Wakishuka kifuani ndio huleta homa ya mapafu ya safarini, ugonjwa unaoweza kumuua farasi ndani ya siku chache.

Sasa tundika wavu wa nyasi mbele ya uso wa mnyama huyo. Robota la nyasi, hata zuri la aina ya boma rhodes, lina vumbi lake, na likifungwa kabla nyasi hazijakauka sawasawa huota kuvu. Kila anapovuta, vumbi na spora humwagikia machoni na puani. Farasi wengi wanaofungiwa mabandani hupata pumu kwa sababu hiyo: hukohoa wakila, na misuli ya tumbo huonekana ikijikaza kutoa pumzi. Nyasi zikiwa chini, vumbi jingi hubaki chini. Zikiloweshwa maji kabla ya kulishwa, hupungua zaidi.

Kuna na meno. Kichwa kikishuka, taya la chini huteleza mbele kidogo, magego yakakutana vizuri. Kikiinuka, taya hurudi nyuma. Meno ya farasi huchomoza milimita 2 hadi 3 kila mwaka na husagwa kwa kutafuna, zaidi ya mara 3,000 kwa kilo moja ya nyasi kavu. Sehemu isiyokutana na mwenzake haisagwi, na inaweza kuota ncha kali kama ndoana.

Waliobuni hori za juu hawakuwa wajinga. Walitaka nyasi zisikanyagwe wala zisilowe mkojo. Kwenye ardhi ya mchanga, kama sehemu nyingi za nchi za Ghuba, farasi anayelishwa chini humeza mchanga, ukajikusanya tumboni na kumletea msokoto mkali. Harufu kali ya mkojo nayo huwa nzito zaidi karibu na sakafu. Kwa hiyo kumwaga nyasi juu ya matandiko machafu hakumsaidii farasi hata kidogo.

Banda lisafishwe kwanza. Kona moja itandikwe zulia la mpira lifagiliwe kila siku, au liwekwe sanduku pana, la chini, lisilo na kingo kali. Wavu usishushwe hadi sakafuni ili kutafuta njia ya kati: kwato hunasa humo, hasa yenye kiatu cha chuma, na farasi aliyenaswa hupigana hadi avunjike mguu. Safarini, dereva asimame, farasi ateremshwe, aachiwe kamba ndefu apate kuinama. Dakika chache hazitoshi; asiondolewe kwenye majani hadi makamasi yaanze kushuka.