Upepo wa Ubavuni na Abiria wa Pemba

Pemba hakuna reli, lakini swali linalowashughulisha wahandisi wa treni za kasi linamgusa kila anayesubiri meli gatini Mkoani au Wete: chombo kilichopakia watu, kikipigwa upepo wa ubavuni, kitahimili hadi wapi?

Treni hujibiwa swali hilo kabla haijabeba abiria. Mfano wake mdogo huwekwa kwenye handaki la upepo na kupulizwa kutoka pembe mbalimbali. Wahandisi hukokotoa upepo wa kasi gani utayafanya magurudumu ya joshini, upande unakotoka upepo, yakaribie kuinuka, kisha mwendo wa treni huwekewa mpaka. Si hofu ya bure. Tarehe 25 Desemba 2005, mkoani Yamagata, Japani, upepo mkali uliiangusha treni na watu 5 wakafariki.

Meli nayo ina mtihani wake. Ikiwa imetulia majini, vitu vizito vinavyojulikana uzito husogezwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi wa pili, na timazi huonyesha imelala kwa nyuzi ngapi. Hapo ndipo hujulikana uzito wake umekaa juu kiasi gani. Manahodha wa majahazi waliijua siri hiyo zamani. Ndiyo maana farumi, mzigo wa kukituliza chombo, hukaa chini kabisa, tumboni mwake.

Kisha huja hesabu ya upepo. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari huichukulia meli kuwa inasukumwa ubavuni na upepo wa mita 26 kwa sekunde, karibu kilomita 94 kwa saa. Wakati mawimbi yameilaza upande wa joshini, huongezewa dharuba yenye nguvu mara moja na nusu ya upepo ule. Meli ya abiria hupimwa pia kwa watu kukimbilia upande mmoja: haitakiwi kulala zaidi ya nyuzi 10.

Lakini majibu hayo yote ni ya meli iliyopakia kwa kiwango chake. Kila mtu anayezidi huipunguzia meli kimo cha ubavu ulio juu ya maji, na akisimama sitaha ya juu huupandisha juu uzito wa meli. Cheti hubaki kilekile, ilhali chombo kimeshakuwa kingine.

Pemba inalijua hilo kwa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Iliruhusiwa kubeba watu wasiozidi 700. Tume ya uchunguzi ilibaini ilikuwa na zaidi ya 2,000. Haikuhitaji dhoruba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, kusi likivuma, MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo usalama wa baharini hautimii kwa mhandisi peke yake. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapotangaza upepo mkali, safari iahirishwe, hata kama ni mkesha wa Idi na watu wana hamu ya kufika kwao. Idadi ikitimia, mlango ufungwe. Na abiria anayeambiwa meli imejaa asimtafute mtu wa kumpenyeza: nafasi anayoiomba imetolewa katika uhai wa waliokwisha kupanda, na wa kwake pia.