Jina Juu ya Mtutu: Nani Aliyeunda Bunduki?

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Swali ni: vimeundwa na nani? Bunduki kongwe za uwindaji za Ujerumani aghalabu hubeba jina moja lililonakshiwa juu ya mtutu. Msomaji wa haraka hudhani huyo ndiye muundaji, ilhali mara nyingi ni mwenye duka aliyeiagiza kutoka Suhl, mji wa mafundi wa bunduki katika jimbo la Thuringia. Huko kazi iligawanywa: huyu alifua mtutu, yule alichonga kitako, mwingine alitia nakshi.

Ushahidi hufichika chini ya mtutu. Sheria ya mwaka 1891, iliyoanza kutekelezwa 1893, ililazimu bunduki zijaribiwe na kupigwa chapa. Taji juu ya herufi U huonyesha kuwa bunduki ilikaguliwa. Juu ya G, mtutu una mifuo ndani. Juu ya S, ni mtutu wa marisawa. Tarakimu 4.12 katika bunduki ya Suhl humaanisha Aprili 1912. Kando yake huweza kupatikana herufi za mwanzo za jina la mfua mtutu.

Hivyo basi, muuzaji hujitangaza, fundi hutafutwa. Mhakiki wa miswada ya kale, anayejitahidi kumtenga mtunzi na mnakili, anaujua vyema mtihani huu.