Nafaka Kumi na Mbili, Upungufu Uleule

"Dokta, unga wa lishe wa mtoto nichanganye nafaka ngapi?" Swali hili naulizwa kliniki, msibani, na kwenye ujumbe wa simu saa nne usiku. Wengi huwa wameshaandika orodha: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, shayiri, soya, karanga, mbegu za maboga, ufuta na ndizi mbichi zilizokaushwa. Aina kumi na mbili. Wanachotaka kwangu ni kuthibitishiwa kwamba imetosha, au kutajiwa ya kumi na tatu.

Swali lenyewe limekosewa. Idadi ya vitu vilivyoingia mashineni haipimi ubora wa uji. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele na shayiri ni jamii moja ya chakula. Karibu robo tatu ya uzito wa kila kimojawapo ni wanga. Protini ni gramu saba hadi kumi na mbili hivi katika kila gramu 100, na protini yenyewe ina kasoro ileile kwa wote: imepungukiwa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima ule. Protini ya mahindi ina kama nusu tu ya laisini anayoihitaji mtoto wa mwaka mmoja. Mtama hauna nafuu. Mchele una afadhali kidogo, ila protini yake kwa jumla ni haba.

Mwili hujenga kwa kadiri ya kile kilicho kichache zaidi. Fundi aliyeishiwa saruji hata umletee tofali za aina saba, ukuta hauongezeki kimo. Asidi amino zilizobaki bila mwenzao hazihifadhiwi zikisubiri kesho. Mwili huzichoma kama nishati, sawa na ulivyochoma wanga. Kwa hiyo anayeongeza ngano juu ya mahindi, kisha uwele juu ya ngano, anaongeza tena kitu ambacho mtoto tayari anacho, na pengo linabaki pale pale. Linalozibika kwa maharage, kunde, choroko, soya, dagaa, yai, maziwa au nyama haliwezi kuzibwa na nafaka ya tano.

Nitautendea ulezi haki yake: una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote tulizonazo, na uji wake ni mzuri. Lakini ulezi mmoja unatosha. Hauhitaji wasindikizaji kumi na mmoja. Isitoshe, nafaka zisizokobolewa, mikunde na mbegu zina fitati, kemikali inayoshika madini ya chuma na zinki tumboni yasifyonzwe. Kuloweka, kuotesha au kuchachusha huipunguza. Kukausha, kusaga na kupika dakika kumi hakuipunguzi sana. Mama anayerundika mbegu za kila aina akidhani anaongeza damu huenda anaifungia damu hiyo njia.

Kama nafaka zingekuwa dawa ya udumavu, mikoa yenye maghala yaliyojaa ingeongoza kwa watoto warefu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Iringa walikuwa karibu 57 katika 100. Njombe 50, Rukwa karibu 50. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Udumavu una sababu nyingi, kuanzia maji machafu na kuhara hadi kazi nzito zinazomnyima mama muda wa kulisha, na sidai kwamba chakula peke yake kinaeleza takwimu hizo. Ninachodai ni kwamba mahindi hayakupungua kule. Aliyepungukiwa ni mtoto, kwenye bakuli lililojaa nafaka.

Hata hivyo, laisini si tatizo la kwanza la uji mwingi ninaouona. La kwanza ni maji. Wanga ukipikwa hunywa maji na kuvimba, ndiyo maana unga kidogo tu hufanya sufuria zima lionekane zito, na mama akihofia mtoto atapaliwa anaongeza maji tena. Chukua kikombe cha mililita 200 chenye gramu 20 za unga. Humo mna kilokalori 70 na gramu moja na nusu ya protini, basi. Mtoto anayenyonya aliyetimiza mwaka anahitaji kilokalori 550 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Ili azipate kwa uji huo pekee angekunywa vikombe vinane, na tumbo lake hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo tisa hubeba 270 kwa mlo. Anashiba maji, analala, na mama anafurahi kwamba leo amekula vizuri.

Jambo hili lilishajulikana hapa kwetu kitambo. Katika miaka ya 1980 watafiti walilifanyia kazi katika kijiji cha Luganga, Iringa, kwa kutumia kimea, unga wa mtama au ulezi uliooteshwa. Kijiko kimoja cha kimea kikiingia kwenye uji mzito ulio moto, vimeng'enya vyake huukatakata wanga na uji hulainika bila kuongezewa maji. Mtoto anameza kwa urahisi, na unga uliomo ni maradufu. Bibi zetu wanaopika togwa wanaijua kazi hiyo. Tumeiacha, tumekwenda kutafuta shayiri dukani.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi zaidi, kwa sababu si suala la kupoteza fedha tu. Unga huu wa mchanganyiko unaweza kumdhuru mtoto.

Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani kemikali zinazozuia kimeng'enya cha kumeng'enya protini. Unamwekea mtoto chakula chenye protini nyingi kuliko vyote kwenye orodha, halafu humohumo unaweka kitu kinachozuia protini isimeng'enywe. Soya lazima ichemshwe kwanza, dakika 20 hadi 30 tangu maji yatokote, ikaushwe, ndipo isagwe. Uliza wauzaji wangapi wanafanya hivyo. Wengi huipima ikiwa kavu kutoka kwenye gunia, wakaimwaga pamoja na mahindi. Mtoto anaharisha au tumbo linajaa gesi, na mama anaambiwa "mwili unazoea".

Karanga zina hatari nyingine. Zikishasagwa mafuta yake hukutana na hewa na kuchacha, na unga wa miezi mitatu kabatini huwa mchungu kabla hujaumaliza. Hilo utalisikia ulimini. Sumukuvu hutaisikia. Hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri. Haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Kinga kubwa iliyo mikononi mwa mama ni kuchambua kwa macho: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, inatupwa. Zikishakuwa unga hakuna cha kuchambua. Anayenunua unga uliosagwa na mtu asiyemjua, kutoka kwenye magunia asiyoyaona, ameiuza kinga hiyo yeye mwenyewe.

Wanaodhani natisha watu wakumbuke Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: waliougua walihesabiwa 317, na 125 kati yao wakafa, kwa mahindi yaliyoota kuvu. Kwetu Dodoma na Manyara, mwaka 2016, sumu ileile iliua watu wapatao 20. Vile vilikuwa viwango vikubwa vya sumu. Viwango vidogo vya kila siku haviui mara moja, vinaharibu ini polepole, na tafiti zimevihusisha na watoto kutokukua. Mtoto anayekunywa uji uleule asubuhi, mchana na jioni hupokea kila kilichomo kwenye unga huo mara tatu kwa siku, na ana kilo nane tu za kugawana nacho.

Hapo hujibiwa: "Lakini mwanangu amenenepa!" Inawezekana. Uji wenye sukari na majarini hupandisha mzani, maana nishati ikizidi hugeuka mafuta mwilini, iwe imetoka kwenye nafaka moja au kumi na mbili. Kurefuka ni habari nyingine. Kunahitaji protini iliyokamilika, zinki na madini mengine, kwa miezi mingi mfululizo. Nawaona watoto wenye mashavu ya kuvutia ambao kwa urefu wako nyuma miezi sita, na hakuna nyumbani aliyeshtuka kwa kuwa mstari wa uzito kwenye kadi uko vizuri. Udumavu haukondeshi lazima. Mtoto mfupi, mnene, mwenye upungufu wa damu yupo, na tumemlisha wenyewe.

Watu wazima nao wameingia. Mwenye kisukari anakunywa uji wa lishe kwa kuwa "ni wa asili", na anayetaka kupunguza mwili anaunywa akiamini si chakula. Nusu lita yenye gramu 60 za unga ni kilokalori 210. Vijiko vitatu vya chakula vya sukari huongeza karibu 150. Nafaka iliyosagwa laini ikapikwa ikawa uji humeng'enywa haraka, sukari ya damu hupanda haraka, na njaa hurudi mapema. Mayai mawili ya kuchemsha yana kilokalori kama 150 na gramu 12 za protini, na hukaa tumboni muda mrefu zaidi. Anayetaka kupungua apunguze wanga kwenye sahani, aongeze maharage au samaki na mboga. Habari ya watu wazima naishia hapo.

Nifanyeje basi? Nafaka moja, ile iliyopo nyumbani, umeichambua mwenyewe. Ukitaka, mikunde ya aina moja: vikombe vitatu vya nafaka kwa kimoja cha soya iliyochemshwa na kukaushwa. Saga kidogo, wa wiki mbili, si wa msimu. Karanga usisage humo. Chambua, kaanga, twanga kiasi cha leo, weka kijiko wakati wa kupika. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, ukilegezwa kwa kimea au maziwa. Ongeza yai lililopigwa likaiva vizuri ndani ya uji, au kijiko cha dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa. Sukari acha. Miezi sita hadi minane, milo miwili au mitatu. Kuanzia tisa, mitatu hadi minne, na maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Na usibaki kwenye uji. Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupima mlo wa mtoto kwa makundi manane, na hutaka angalau matano kila siku: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; mikunde, karanga na mbegu; maziwa na mazao yake; nyama na samaki; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A; mboga na matunda mengine. Irudie sasa ile orodha ya kumi na mbili uihesabu. Mahindi hadi shayiri, pamoja na ndizi mbichi, ni kundi moja. Soya, karanga, maboga na ufuta ni la pili. Yamekwisha. Wali wa jana uliopondwa na mchuzi wa dagaa, mchicha na kipande cha papai umeshayapita makundi ya unga wote ule. Mwongozo wa Shirika hilo wa 2023 unataka nyama, samaki au mayai kila siku kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23. Bei ya kilo moja ya unga wa lishe wa dukani hununua mayai kadhaa na dagaa wa kutosha siku nyingi. Mkifika kliniki, ombeni mtoto apimwe na urefu pia.

Na kama unga tayari uko kabatini: ukiwa hujui soya yake iliandaliwaje, usimpe mtoto. Ukiwa mchungu au una harufu ya ukungu, ufukie shimoni. Usiwamwagie kuku, wala usimpelekee ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumukuvu aliyoila hutoka ndani ya maziwa yake na kumrudia mtoto yuleyule unayemkinga.