Simu Mpya, TV ya Chogo

Mzee mmoja wa Kilindoni aliniletea mfuko wa nailoni wenye nyaya mbili na kisanduku kidogo cheusi. Vyote vipya, vyote vimenunuliwa Kariakoo, vikateremka hadi Nyamisati na kuvuka kwa boti hadi hapa Mafia. Hakuna hata kimoja kilichofanya kazi. Alichotaka si kikubwa: video ya harusi ya mjukuu wake, aliyotumiwa kwenye simu, ionekane kwenye TV ya sebuleni ili watu wa nyumbani waitazame pamoja. TV yenyewe ni ya chogo, inchi 21.

"Mwanangu, hii TV ndiyo imekufa?"

Haijafa, mzee wangu. Imekosa mkalimani.

Simu huitoa picha kwa tarakimu. Chogo haijui tarakimu. Inataka umeme unaopanda na kushuka kama wimbi, uchore kioo mstari baada ya mstari. Kwa mfumo wa PAL tunaoutumia Tanzania mistari ni 625, yenye picha ni 576, na kioo kizima huchorwa mara 25 kwa sekunde. Jambo hili wenye chogo walishakutana nalo. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, kwa kuanzia na Dar es Salaam, wengi walidhani TV zao zimekwisha kazi. Kikaja king'amuzi, kikawa kinapokea tarakimu huku na kutoa wimbi kule, na chogo zikaendelea kuishi hadi leo. Basi na simu nayo inahitaji king'amuzi chake.

Turudi kwenye mfuko. Waya wa kwanza ulikuwa na pini ya hedfoni upande mmoja, na upande wa pili pini tatu: ya njano, nyeupe na nyekundu. Ulitoa sauti, picha haikuja. Usimlaumu sana aliyeubuni. Nokia N95, simu ya mwaka 2007, ilikuwa ikitoa picha kwenye tundu hilohilo la hedfoni na chogo ikaipokea bila ubishi. Simu za siku hizi zimeacha kazi hiyo. Tundu la hedfoni, kama bado lipo, ni la sauti tu.

Waya wa pili ulitoka Type-C kwenda HDMI. Huu ndio unaowaliza wengi, maana matundu ya Type-C yanafanana kwa nje huku ndani yakitofautiana. Ili picha itoke kwa waya, simu iwe imetengenezwa na njia ya kuitoa, iitwayo DisplayPort. Simu kubwa za Samsung za Galaxy S zinayo, iPhone inayo kuanzia toleo la 15 la mwaka 2023, lakini simu nyingi za bei ya chini hazina. Tundu lao ni la chaji na mafaili, basi. Hakuna mpangilio wa kuwasha wala programu ya kupakua itakayobadilisha hilo.

Kisanduku cheusi ndicho kilinichekesha. Juu yake kimeandikwa AV2HDMI. Mzee alihitaji HDMI2AV. Viwili hivi ni mapacha: umbo moja, rangi moja, matundu yaleyale, ila kimoja kinatoa picha AV (zile pini tatu) kwenda HDMI, na kingine kinaitoa HDMI kwenda AV. Kosa la namna hiyohiyo hufanywa na anayechomeka waya wa simu kwenye HDMI ya king'amuzi. Tundu lile ni la kutokea, halipokei mgeni.

Njia inayofanya kazi kwa simu nyingi za Android ni hii. Unatafuta kirushio cha Miracast, kile kidude kinachochomekwa kwenye HDMI, na hicho HDMI2AV. Kirushio kinaingia kwenye kisanduku, pini tatu zinatoka kwenye kisanduku hadi nyuma ya TV, rangi kwa rangi, na vyote viwili vinalishwa umeme wa chaja ya simu. Rimoti bonyeza AV. Pembeni mwa kisanduku kuna swichi ndogo ya PAL na NTSC. Iweke PAL, la sivyo chogo nyingine itaonyesha picha isiyo na rangi au inayokimbia. Kisha kwenye simu tafuta palipoandikwa Cast au Smart View. Kuna pia virushio vyenye AV moja kwa moja, vilivyotengenezwa kwa ajili ya skrini za magari. Ukikipata, kisanduku hukihitaji. Mwenye iPhone aulize kwanza kama kirushio kinapokea AirPlay.

Miracast haili bando. Simu na kirushio vinazungumza vyenyewe kwa Wi-Fi, hata mtandao ukiwa umekatika kisiwa kizima. Bando linaliwa tu ikiwa unachotazama kinatoka intaneti.

Usitegemee maajabu, hata hivyo. Video ya WhatsApp iliyopigwa simu ikiwa wima itakuwa ufito wa sentimita kama 10 katikati ya kioo cha sentimita 41, na kwa kuwa kisanduku hubana picha pana iingie kwenye kioo kifupi, bibi harusi atarefuka na kukonda. Maandishi hayasomeki, ujumbe soma kwenye simu. Filamu za kulipia huenda zikatoa sauti na kioo cheusi, kwa sababu wenyewe wamezifunga zisipite njia hii. Mpira, nyuso za watu, papa potwe aliyerekodiwa na kijana wa boti, hivyo vinaonekana vizuri tu.

Kwa harusi sikumwuzia mzee chochote. King'amuzi chake kina tundu la USB linalocheza video (si vyote vinacheza), kwa hiyo nikahamishia video kwenye fleshi na kuichomeka. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kitu kilichokwisha hifadhiwa. Kurusha nakuachia wewe mwenye kutazama vya mtandaoni kila siku.

TV ya zamani zaidi, yenye tundu la antena pekee, nayo ina pa kukimbilia: deki ya kanda. Ingiza pini za AV kwenye deki, toa waya wa antena uende kwenye TV, halafu tafuta chaneli ambayo deki inarushia. Watu wengi wanayo darini na hawajui kwamba ni daraja.

Chumvi ya bahari hapa kwetu inaotesha kutu ya kijani kwenye matundu ya AV. Picha ikiwa inakuja na kupotea, zima, chomoa umeme, futa pini kwa spiriti kabla hujanunua waya mwingine. Lakini mfuniko wa nyuma usiufungue. Ndani ya chogo kuna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa.

Na kabla hujaagiza kitu Dar, piga picha ya matundu ya nyuma ya TV, andika jina kamili la simu, mtumie muuzaji vyote viwili. Kisha mwambie akupigie picha ya maandishi yaliyo juu ya kisanduku. Yasome mwenyewe kabla mzigo haujapakiwa.