Majina ya Wanyama katika Kiingereza

Mwanafunzi aanzaye kujifunza Kiingereza huandikiwa ubaoni majina ya wanyama, naye huyakariri moja moja mpaka yamkae kichwani. Ng'ombe ni "cow", mbwa ni "dog", kondoo ni "sheep", samaki ni "fish". Hayo ni maneno mafupi, nayo hayamsumbui. Lakini akifika kwa kifaru huona neno lenye herufi 10, "rhinoceros". Na kwa kiboko huona neno lenye herufi 12, "hippopotamus". Tena siku moja hutaka kusema kwamba jana nyumbani kwao walikula nyama ya ng'ombe, naye hutumia neno "cow" alilofundishwa. Mwalimu humsahihisha, na wenzake hucheka. Huambiwa ya kuwa ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", bali akiisha kuingia chunguni ni "beef".

Mwanafunzi yule hakukosa kwa upumbavu. Alifuata akili ya lugha yake mwenyewe, maana katika Kiswahili nyama na mnyama ni maneno ya shina moja, na ng'ombe wa zizini na ng'ombe wa mezani ni ng'ombe yule yule. Lakini hakuna jina lisilo na asili, na mtu ajuaye asili ya jina hulikumbuka kwa urahisi kuliko mtu akaririye tu kama kasuku. Basi majina mengi ya wanyama katika Kiingereza twaweza kuyagawa mafungu matatu: majina ya wakulima, majina ya mabwana, na majina ya wasafiri.

Majina ya wakulima

Tangu karne ya 5 watu walioitwa Waangli na Wasaksoni walivuka bahari kutoka pwani ya nchi ambazo leo ni Ujerumani ya kaskazini na Denmark, wakakaa katika kisiwa cha Britania. Kutoka katika usemi wao kilizaliwa Kiingereza. Wengi wao walikuwa wakulima na wafugaji, nao waliita kwa maneno yao vitu vyote walivyoviona kila siku. Maneno hayo ndiyo "cow", "ox" yaani maksai, "calf" yaani ndama, "sheep", "lamb" yaani mwana-kondoo, "hen" yaani kuku jike, "goose" yaani bata bukini, na "mouse" yaani panya mdogo. Kadhalika waliita jua "sun", mwezi "moon", nyota "star", mvua "rain", jiwe "stone", na bahari "sea". Yatazame maneno hayo: yote ni mafupi, kama chombo cha nyumbani kilichoshikwa na mikono mingi hata kikalainika.

Maneno hayo ya kale yana ukaidi wake. Jina la kigeni likitaka kuwa la wengi, kwa kawaida huongezwa herufi "s" mwishoni, basi. Walakini baadhi ya maneno ya wakulima yameshika desturi ya zamani. "Goose" mmoja, lakini wengi ni "geese". "Mouse" mmoja, lakini wengi ni "mice". "Ox" mmoja, lakini wengi ni "oxen". Na "sheep" habadiliki kamwe, awe mmoja au mia. Hapo usishangae, kwa kuwa hata sisi husema kondoo mmoja na kondoo mia, wala jina halibadiliki.

Tena maneno huhama maana, kama watu wahamavyo mashamba. Neno "deer" zamani lilikuwa na maana ya mnyama ye yote. Leo ni jina la mnyama mmoja tu wa mwituni, afananaye kidogo na kulungu wetu, ambaye dume lake huwa na pembe zenye matawi. Neno "fowl" lilikuwa ndege wa kila namna, na neno "bird" lilikuwa kinda la ndege tu. Leo "bird" amekua, amekuwa ndege wote, na "fowl" amerudi nyuma, huitwa hivyo hasa kuku na jamaa zake.

Majina ya mabwana

Sasa na tutazame jambo lile la "cow" na "beef". Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika nchi ya Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake, na mwezi wa Oktoba akamshinda Harold mfalme wa Uingereza karibu na Hastings. Harold akafa vitani, na William akatawazwa. Baada ya hayo mashamba makubwa ya Uingereza yakatiwa mikononi mwa mabwana wa Kinormani, nao walisema Kifaransa. Kifaransa kikawa lugha ya nyumba ya mfalme na ya wakubwa. Kiingereza kikabaki lugha ya watu wa mashambani.

Yule aliyechunga na kukamua aliendelea kusema "ox", "calf", "sheep", na "swine", yaani nguruwe. Lakini katika nyumba ya bwana nyama ile ile iliitwa kwa Kifaransa. Hivyo nyama ya ng'ombe ikawa "beef", ya ndama ikawa "veal", ya kondoo ikawa "mutton", na ya nguruwe ikawa "pork". Ajabu ni kwamba katika Kifaransa chenyewe maneno hayo hayakubagua: neno moja lilitosha kwa ng'ombe aliye hai na kwa nyama yake, kama katika Kiswahili. Ubaguzi ule haukutoka katika lugha hii wala ile. Ulitokea kwa sababu lugha mbili zilikaa katika nchi moja, moja ikitumika zaidi zizini na nyingine zaidi mezani.

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa mambo hayo yalifanyika kwa siku moja. Kwa muda wa miaka mingi neno "beef" liliweza pia kuwa na maana ya ng'ombe hai. Maneno yaligawana kazi polepole, mpaka kila moja likapata mahali pake. Wala si wanyama wote waliopata majina mawili. Samaki ni "fish" majini na "fish" mezani, na kuku huitwa "chicken" bandani na sahanini pia.

Neno jingine la mabwana ni "forest". Leo mwanafunzi hufundishwa ya kuwa maana yake ni msitu, na ndivyo ilivyo. Lakini katika siku za Wanormani maana yake ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya sheria ya mfalme kwa ajili ya mawindo yake, hata kama sehemu zake hazikuwa na miti. Waingereza walikuwa na neno lao la zamani, "wood", ambalo ni mwitu na pia ubao. Yapata mwaka 1079 William alitenga nchi kubwa kusini mwa Uingereza iwe ya kuwindia, nayo hata leo yaitwa New Forest, yaani Msitu Mpya. Kitabu cha habari za miaka kilichoandikwa na Waingereza wa zamani hizo chasimulia ya kuwa mfalme huyo aliamuru kila mtu auaye "deer" apofushwe macho.

Nyama ya mnyama huyo ndiyo iitwayo "venison", neno la Kifaransa litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya kuwinda. Mkulima alimwona "deer" akila mimea yake, naye akakatazwa kumgusa. Mnyama ni wa mwituni, nyama ni ya mfalme. Mambo yakaenda hivyo hata mwaka 1217, wakati wa mfalme Henry wa Tatu, ulipotolewa Mkataba wa Misitu. Mkataba huo ulisema ya kuwa tangu hapo mtu asiuawe wala asikatwe kiungo kwa ajili ya nyama ya mawindo ya mfalme; atatozwa mali, na asiye na mali atafungwa mwaka mmoja na siku moja.

Na ile lugha iliyobaki mashambani, je, ilikufa? La. Mama waliwaimbia watoto kwa lugha hiyo, wachungaji waliwaita ng'ombe wao kwa lugha hiyo, na baada ya vizazi vingi wajukuu wa mabwana wakaanza kuisema. Mwaka 1362 ilitolewa sheria iliyoamuru kwamba maneno ya kesi katika mabaraza ya mfalme yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu wengi hawakufahamu Kifaransa. Na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Basi lugha ambayo leo yasomwa na watu wa mataifa mengi ilikuwa zamani lugha ya wachunga nguruwe, ikidharauliwa na wakubwa wa nchi yake.

Majina ya wasafiri

Fungu la tatu ni majina ya wanyama ambao Waingereza wa kale hawakuwaona kwao. Hapo twapata yale maneno marefu. Wayunani wa kale walifika Misri, wakaona katika mto Nili mnyama mkubwa aliyewashinda jina. Wakamwita farasi wa mtoni, maana "hippos" kwao ni farasi na "potamos" ni mto. Kifaru walimwita mwenye pembe puani, nalo ndilo neno "rhinoceros". Sisi tumjuao kiboko twaona ya kuwa hafanani sana na farasi; lakini mgeni hukiita kitu asichokijua kwa jina la kitu akijuacho.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mamba. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asema ya kuwa Wayunani walimwita mamba kwa jina la mijusi waliokaa katika kuta zao. Jina hilo ndilo lililokuwa "crocodile". Miaka kama elfu mbili baadaye Wahispania walifika Amerika, wakaona mnyama wa jamii ya mamba, nao pia wakamwita mjusi kwa lugha yao. Kutoka hapo Kiingereza kilipata neno "alligator". Twiga naye aliitwa kwanza "camelopard", yaani ngamia-chui, kwa shingo yake na madoa yake. Baadaye jina hilo likashindwa na "giraffe", litokalo katika neno la Kiarabu "zarafa".

Kiarabu kimetupa na sisi. Mabaharia wa Kiarabu waliita majira ya pepo "mawsim", maana walisafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Sisi tukapata neno msimu. Wareno wakalichukua neno lile lile kwa namna yao, likafika kwa Waingereza likiwa "monsoon". Basi "monsoon" na msimu ni ndugu, ijapokuwa hawafanani tena sura.

Mwisho, yako majina yaliyotoka katika lugha za Afrika yenyewe. "Impala", yaani swala pala, ni neno la Kizulu. "Tsetse", yaani mbung'o, ni la Kitswana. "Chimpanzee", yaani sokwe, limetoka katika lugha ya Kibantu ya pande za Kongo karibu na bahari ya magharibi. Na neno "safari" Waingereza wamelipata kwetu. Ila hapa jihadhari na mtego mmoja. Kutoka kusini mwa Afrika Kiingereza kimepata neno "mamba", nalo si mamba wetu wa mtoni, bali ni nyoka mwenye sumu kali. Ukimwambia Mwingereza ya kuwa umeona "mamba", atatazama majani na matawi ya miti, hali wewe wamwonya juu ya maji. Kosa la namna hii si la kuchekwa tu. Laweza kuhatarisha mtu.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukikutana na jina jipya usilikariri tu. Uliza: ni la mkulima, la bwana, au la msafiri? Wala usione haya kwa kuwa lugha yako humwita ng'ombe ng'ombe, akiwa hai au akiwa nyama. Huo si upungufu wa maneno. Ni dalili ya kuwa mchungaji na mlaji walikuwa watu wamoja.

Maswali

1. Kwa nini "cow" ni neno fupi na "hippopotamus" ni neno refu?
2. Eleza jinsi nyama ya kondoo ilivyopata kuitwa "mutton".
3. Neno "forest" lilikuwa na maana gani katika siku za mfalme William?
4. "Mamba" wa Kiingereza na mamba wa Kiswahili wana tofauti gani?
5. Waulize wazee wa kwenu majina matatu ya wanyama katika lugha ya nyumbani, na asili ya kila jina.